Homa iliyovunja magoti: viungo vya mwanao, na ugonjwa uliopita Bukoba mwaka 1996

SEHEMU YA 1

Niliahidi wiki hii tuongelee mifupa na viungo vya mtoto. Nitaanzia mbali kidogo, kwenye historia, ila vumilieni, tutafika nyumbani Bukoba na Muleba.

Kuna sentensi naisikia karibu kila zamu: "Nesi, mtoto ana homa na viungo vinamuuma." Mama anaisema haraka haraka kama anavyosalimia, halafu anasubiri aandikiwe dawa. Nikimuuliza viungo vipi, ananiangalia kama vile nimemuuliza swali la kitoto. "Viungo si viungo tu nesi, mwili mzima." Sasa hapo ndipo napataka. Viungo vipi, vingapi, vya upande mmoja au pande zote, vimevimba au vinauma tu, tangu lini: majibu ya maswali hayo wakati mwingine yana thamani kuliko kipimo chochote tulichonacho maabara. Wala sitii chumvi. Kuna magonjwa mawili ambayo dunia nzima, kuanzia Brazil mpaka India, inayaita kwa majina ya lugha zetu za Afrika Mashariki, kwa sababu wagonjwa wa huku walieleza vizuri kilichokuwa kinatokea kwenye viungo vyao. Na mmoja kati ya hayo ulipita hapa kwetu, mwaka ule ule wa MV Bukoba.

Kwanza tuelewane kiungo ni nini (sio viungo vya pilau, jamani). Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anazaliwa na vipande vingi zaidi, karibu 300, na vingi bado ni laini. Vinaungana taratibu anavyokua. Pale mfupa unapokutana na mfupa mwenzake, ndio kiungo. Ukitaka kukiona bila kwenda chuo cha uuguzi, nunua makongoro. Ukishayachemsha, angalia kile cheupe kinachong'aa kwenye ncha ya mfupa, kinachoteleza kwenye kidole: ile ni gegedu, inazuia mifupa isisagane. Zile kamba ngumu zinazokataa kutafunika ni kano, nyingine zinafunga mfupa kwa mfupa, nyingine zinafunga msuli kwenye mfupa. Na pale katikati kuna kama mfuko mwembamba wenye ute unaoteleza. Ngozi ya ndani ya ule mfuko ndiyo inayotengeneza ute, na ina mishipa mingi ya damu.

Shikeni hilo la mishipa ya damu. Chochote kinachosafiri kwenye damu, kirusi au bakteria, kinaweza kushukia kwenye ule mfuko. Gegedu yenyewe haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikiharibika haijitengenezi kirahisi kama ngozi inavyofanya ukijikata kisu. Mambo yote nitakayosema mbele yanatoka hapo.

SEHEMU YA 2

Twende Zanzibar, mwaka 1870. Kulikuwa na daktari Mskoti, James Christie, akiishi mjini pale. Mwaka huo ikaingia homa ya ghafla: mtu yuko vizuri asubuhi, mchana hawezi kukunja vidole, magoti yamekaza, anatembea kama mzee. Karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Christie alipouliza wenyeji, wazee wakamwambia huu tunaujua, ulishakuja zamani, na hesabu zao zilirudi mpaka 1823 hivi. Na jina wanalo: kidinga pepo. Yaani mkazo wa ghafla unaomshika mtu kama kashikwa na pepo.

Mnalijua hilo jina nyie. Ndilo hilo hilo lililorudi Dar es Salaam mwaka 2014 watu walipoanza kuugua dengue: kidingapopo. Wapo wataalamu wanaosema hata neno "dengue" lenyewe lilitokana na Kiswahili hicho, likavuka bahari likafika visiwa vya Karibi, likageuzwa huko. Wengine wanabisha, sitaingia kwenye ugomvi wao. Kinachonivutia mimi ni jambo alilolisema mtafiti mmoja, Donald Carey, mwaka 1971. Alirudi kwenye maandishi ya Christie akayasoma upya, akasema: jamani, hii ya Zanzibar haikuwa dengue. Dengue inauma mifupa na misuli, ndio, lakini viungo vya hawa wagonjwa wa 1870 vilivyokakamaa, na maumivu yalivyobaki baada ya homa kuisha, ni dalili za ugonjwa mwingine. Zaidi ya miaka mia imepita, wagonjwa wote wameshakufa, hakuna damu ya kupima. Alichokuwa nacho ni maelezo tu ya viungo gani viliuma na kwa muda gani, na yalimtosha kuhoji jina lililokuwa limezoeleka.

Ugonjwa mwingine huo ni upi? Tushuke kusini, Newala.

Mwaka 1952 kuingia 1953, Uwanda wa Makonde ulipigwa na homa. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akifanya kazi kule Jimbo la Kusini, aliandika alichokiona, ikachapishwa 1955 pamoja na kazi ya mwenzake W.H.R. Lumsden. Homa ilianza ghafla, na maumivu ya viungo yalikuwa makali kiasi kwamba mtu alijikunja, hawezi kunyooka. Wamakonde wakaiita kwa kitenzi chao cha kupinda na kujikunja: chikungunya. Hakukuwa na kamati wala profesa, watu walitazama mgonjwa amelalaje wakasema amepinda. Mwaka 1956 R.W. Ross akachapisha taarifa za kirusi chenyewe, na hakukipa jina la mzungu yeyote. Leo daktari wa Paris anaandika kwenye faili neno la Kimakonde.

Na kwa nini Newala? Kule juu ya uwanda maji ni shida. Yalikuwa yanafuatwa mbali bondeni, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mitungi ya maji yaliyokaa siku nyingi. Mbu mweusi mwenye madoa meupe, huyu anayeuma mchana, hapendi dimbwi chafu la barabarani, anapenda maji yaliyotulia ndani ya chombo. Mama aliyekuwa anahangaika kuhifadhi maji kwa ajili ya watoto ndiye alikuwa anamfugia mbu bila kujua. Hapa Bukoba mvua hatukosi, lakini niambieni nani kati yetu hana pipa au ndoo nje ya nyumba isiyofunikwa.

SEHEMU YA 3

Mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi. Homa nyingine. Safari hii kuna vipele vinavyowasha, macho yanauma, tezi za nyuma ya shingo zinavimba, na viungo vyote vinalegea na kuuma: magoti, vifundo vya miguu, viwiko, vidole, mgongo. Waacholi wakaiita o'nyong-nyong. Maana yake, kwa Kiswahili chetu, ni kudhoofika au kuvunjika kwa viungo. Unaona? Watu wa kaskazini mwa Uganda na watu wa mpakani na Msumbiji, lugha haziingiliani hata kidogo, na wote wakaangalia sehemu ile ile ya mwili.

Taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe (hao hao waliokipata kirusi cha Zika mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika) ndio waliokishika. A.J. Haddow na wenzake wakaandika mwaka 1960 kwamba hiki ni kirusi kipya, ndugu wa karibu kabisa wa chikungunya. Ila kuna tofauti moja iliyowashangaza. Hiki hakibebwi na yule mbu wa mchana. Kinabebwa na anofelesi, mbu wa malaria, anayeuma usiku. Virusi vingi vya aina hii havipendi anofelesi, hiki kinampenda.

Sasa fikiria, mbu wa malaria yuko kila mahali kwetu. Ndiyo maana ugonjwa haukukaa Uganda. Ulivuka kwenda Kenya na Tanganyika, ukaelekea kusini, na mpaka unapoa mwanzoni mwa miaka ya sitini ulikuwa umeshika watu wapatao milioni 2. Vifo vilikuwa adimu sana. Kwa hiyo katika vitabu vya historia ya magonjwa unapewa aya moja tu. Mimi hiyo huwa inanikera. Ugonjwa usioua unaonekana mdogo kwa anayehesabu makaburi, lakini muulize mama ambaye wiki tatu hawezi kushika jembe, hawezi kumenya ndizi, hawezi kumfunga mtoto mgongoni, na kijiji kizima kiko hivyo hivyo na msimu wa kupanda unapita.

Halafu ukapotea. Miaka 35, kimya.

SEHEMU YA 4

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama. Sina haja ya kueleza, hakuna ukoo hapa usio na jina la mtu kwenye ile meli. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka redio na watu wazima wasioongea.

Mwezi uliofuata, Juni 1996, upande wa pili wa mpaka, wilaya ya Rakai, watu walianza kuugua homa yenye vipele na viungo kuuma. Rakai ni jirani yetu kabisa. Ukitoka Mutukula umefika. Ugonjwa ukaenda Masaka, ukaenda Mbarara, na ukavuka kuja wilaya ya Bukoba, ambayo enzi hizo ilijumuisha hata Missenyi ya leo. Watafiti wa Entebbe walichukua damu za wagonjwa, wakakuta ni o'nyong-nyong, imerudi baada ya miaka 35. Ripoti yao ilitoka mwanzoni mwa 1997, na Bukoba imetajwa humo kwa jina. Yaani kwenye historia nzima ya ugonjwa huu, milipuko mikubwa miwili ndiyo iliyokuwa imewahi kuandikwa mpaka wakati huo, na sisi tumo.

Jiweke kwenye nafasi ya mama wa Bukoba wa mwaka huo. Mkoa huu ndio uliotambua wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Hapa tuliita Juliana, kwa jina la zile nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara, na wenzetu wa Rakai waliita slim. Kufika 1996 kila mtu alikuwa ameshazika. Sasa anakuja mgonjwa mwenye homa, vipele mwili mzima, na tezi zimevimba nyuma ya shingo. Wewe ungefikiria nini? Mume angefikiria nini? Mimi nina hakika kuna nyumba ambazo zililala bila usingizi kwa sababu ya vipele vile, na kilichokuwa kinaumwa kilikuwa kirusi ambacho homa yake inaisha ndani ya siku chache.

Na malaria je? Enzi hizo kipimo cha haraka cha kuchoma kidole hakikuwepo. Homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa ilikuwa klorokwini. Klorokwini yenyewe inawasha watu wengi, wakubwa zenu wanakumbuka. Umeze klorokwini, ngozi iwashe, vipele viwepo, halafu utenganishe kipi ni dawa na kipi ni ugonjwa! Kilichokuwa kinaweza kusaidia kutenganisha ni viungo. Malaria inauma mwili, unasikia umechoka na umepondwa. Lakini malaria haina kawaida ya kumwacha mtu mwenye homa iliyokwisha akishindwa kukunja vidole vyake wiki mbili baadaye.

Jambo la Muleba ni zuri, nisilisahau. Muleba ina historia ndefu ya malaria, na mbu wake walishaanza kuzoea dawa ya vyandarua vya kawaida. Kuanzia 2014 ulifanyika utafiti mkubwa vijijini Muleba, wakilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa kemikali ya PBO, inayomwondolea mbu ubishi wake kwa dawa. Vile vya PBO vilikinga watoto vizuri zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo, ushahidi wa Muleba ukiwa mbele. Kwa hiyo chandarua kipya cha namna hiyo akipewa mtoto popote Afrika, watoto wa Muleba wamechangia. Na kwa sababu o'nyong-nyong inabebwa na mbu huyo huyo wa usiku, chandarua hicho hicho kinakulinda na mawili kwa mpigo. Chikungunya na dengue hazizuiliki hivyo kirahisi, mbu wao anauma mchana. Hapo ni kumwaga maji ya kwenye makopo na matairi, na kufunika pipa.

SEHEMU YA 5

Sasa turudi kwa mwanao na ile sentensi ya "viungo vinamuuma".

Magonjwa yote niliyoyasimulia yana tabia moja: yanashika viungo vingi kwa pamoja, kulia na kushoto. Kirusi kinazunguka kwenye damu, kinaingia kwenye ile ngozi ya ndani ya mfuko wa kiungo na kwenye misuli, mwili unapigana nacho, na vita hiyo ndiyo uvimbe na maumivu. Hakuna dawa ya kukiua. Ni paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto, maji ya kutosha, kunyonyesha kama kawaida, na subira. Asprini usimpe mtoto mwenye homa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo usikimbilie dukani kabla hajapimwa, maana kama ni dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Na homa yoyote yenye damu kutoka puani, kwenye fizi, kwenye matapishi au kwenye choo, usikae nayo nyumbani hata saa moja. Marburg ilifika Bukoba Vijijini Machi 2023, hatuongei hadithi za mbali.

Kinachoninyima raha mimi ni KIUNGO KIMOJA. Mtoto ana homa, na goti moja tu limevimba, lina moto ukiligusa, hataki uliguse. Au hutaona uvimbe wowote, lakini ghafla amekataa kutembea, mguu mmoja ameukunja nje, ukimbadilisha nepi analia kwa uchungu. Hiyo inaweza kuwa nyonga, na nyonga imejificha ndani, uvimbe wake hauonekani. Hapo sifikirii kirusi cha mbu. Nafikiria bakteria wameingia kwenye mfuko wa kiungo na wanatengeneza usaha. Mnakumbuka gegedu isiyo na mishipa ya damu? Usaha unaila kwa siku chache tu. Mtoto aliyefika siku ile ile anatolewa usaha, anapewa antibiotiki za mshipa, na mara nyingi anatembea vizuri. Aliyefika baada ya wiki mbili za kukandwa maji ya moto, kupakwa dawa na kuchanjwa wembe anaweza kubaki na mguu mfupi au nyonga iliyoganda maisha yake yote. Tunaletewa watoto wenye chale mbichi juu ya goti, na bibi anaeleza kwa upole, "Waitu, tulidhani ni baridi yabisi." Simlaumu bibi. Kwa mtu mzima mwenye magoti ya miaka sitini neno baridi yabisi lina maana. Kwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa halina maana yoyote, lifuteni.

Mwingine ni mtoto wa kama miezi sita mpaka miaka miwili ambaye viganja na nyayo zimevimba, vidole vimekuwa kama vya mtoto mnene, analia ukimshika. Mama wengi wanasema ameanguka, au ameng'atwa na mdudu. Kwa kweli, vikivimba viganja vyote viwili au nyayo zote mbili, omba apimwe selimundu. Chembe za damu zilizojikunja zinaziba mishipa midogo ya kwenye mifupa ya vidole, mfupa unakosa damu. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani, na Kanda ya Ziwa tuko ndani sana. Akijulikana mapema anaanzishiwa kinga na dawa, anakua.

Ukija kituoni, hata kama foleni ni ndefu na nesi amenuna (tunanuna, ndio, zamu ni ndefu), mwambie hivi: homa ilianza siku fulani, kiungo kilichoanza kuuma ni hiki, sasa ni hivi na hivi, anatembea au hatembei, asubuhi anakuwaje, amepewa dawa gani. Kama una simu, piga picha ya uvimbe au vipele siku ya kwanza, maana vipele vinaweza kupotea kabla hujafika. Mkandamize taratibu kila kiungo kabla hujatoka nyumbani, kuanzia vidole vya mguu, huku unamwangalia usoni. Uso wake utakuambia ni kipi.

Nina ombi moja. Ripoti ya 1997 imetaja Bukoba, lakini watu wetu waliiitaje ile homa? Waacholi wanalo jina, Wamakonde wanalo, Zanzibar wanalo. Kama mama yako au bibi yako alikuwa Missenyi, Kanyigo, Bugabo au Maruku mwaka wa meli, muulize jioni ya leo kama anakumbuka homa ya vipele iliyowalegeza magoti nyumba nzima, na kwa Kihaya walisemaje. Niandikieni hapo chini, na mtaje kijiji.